Bodi Nyingine Juu ya Chasisi Ile Ile: Hesabu za Magari ya Mikumi, Makubwa kwa Madogo

Magari mengi yanayozungusha watalii Mikumi yametengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kiwandani Japani, yakatoka yakiwa pikapu za Toyota Land Cruiser. Mara ya pili ni kwenye karakana za hapa nchini, hasa Arusha, ambako bodi ya nyuma huondolewa, chasisi mara nyingi hukatwa na kurefushwa, kisha juu yake hujengwa bodi mpya yenye viti vya abiria, madirisha mapana na paa la kufunguka.

Kazi hiyohiyo hufanywa mezani na watu wengine kabisa: wapenzi wa magari ya rimoti ya kupanda miamba. Wananunua gari lenye bodi laini ya polikaboneti, wanaivua, wanaweka bodi ngumu ya plastiki ya gari jingine, mara nyingi Land Cruiser au Land Rover, kwa sababu inafanana na gari la kweli kuliko ile iliyokuja nalo. Mmoja anafanya biashara ya mamilioni, mwingine anajiburudisha. Swali lao ni moja: ni nini kinachoamua kama bodi ngeni itakaa sawa juu ya chasisi isiyotengenezewa bodi hiyo?

Ninachokiona ni kwamba uamuzi uko kwenye chasisi, na uko kwenye mambo matatu yanayopimika: umbali wa ekseli kwa ekseli, kimo cha uzito, na namna bodi inavyoshikwa. Anayeanza na sura ya bodi anafanya kazi kinyumenyume. Kwenye gari dogo hasara yake ni plastiki iliyopasuka. Kwenye gari la Mikumi hasara ni watu.

Barabara tatu, gari moja

Mikumi ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili kwa sababu inalitesa gari kwa namna nyingi kwa siku moja. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Tanzania–Zambia inaipasua katikati kwa takriban kilomita 50, ikiwa imejaa malori na mabasi ya masafa marefu. Gari la watalii linaloingia na kutoka hifadhini hulazimika kukimbia kwenye lami hiyo pamoja nayo, kisha dakika chache baadaye linatambaa kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Mkata, ambao mvua ikinyesha hugeuka tope la kunasa.

Mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Mgeni wa Dar es Salaam ambaye zamani alihesabu safari ya Mikumi kwa saa za basi sasa ana njia nyingine. Akishukia Kilosa, anahitaji gari la kumpeleka kusini hadi Mikumi, ndani ya wilaya hiyohiyo, kupitia nchi ya vijiji, mashamba na mikondo ya maji. Hii ni wilaya ambayo mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalibomoa reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Maji yanapopita hapa hayaachi njia kama yalivyoikuta.

Kwa hiyo bodi moja inatakiwa itulie kwenye lami, istahimili makorongo na isielemee kwenye tope. Hapo kuna shule mbili. Karakana za kaskazini huzoea kujenga bodi iliyofungwa, yenye vioo na paa la kuinuka, inayofaa safari ndefu na baridi ya Ngorongoro. Hifadhi za kusini zimezoea zaidi bodi iliyo wazi pembeni, viti vimepandishwa ngazi kwa ngazi, juu turubai. Bodi ya wazi ni nyepesi na mtalii anaona pande zote, ila ndorobo huingia bila hodi, na gari likipinduka hakuna nguzo za kutosha za kubeba uzito wake. Bodi iliyofungwa inakinga, lakini inaongeza chuma na kioo juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote pa kuongeza uzito. Kila shule inalipia inachokipata.

Ekseli kwa ekseli

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Pikapu ya Land Cruiser HZJ79 ina milimita 3,180. Ndugu yake HZJ78, ile ndefu yenye bodi iliyofungwa tangu kiwandani, ina 2,980. Land Rover Defender 110 ina inchi 110, yaani milimita 2,794. Magari haya yanaonekana kulingana kwa mbali, lakini bodi ya moja haiwezi kukaa kwenye chasisi ya jingine bila kukatwa, kwa sababu matao ya magurudumu hayataangukia juu ya magurudumu.

Kwenye magari ya rimoti kosa hili ndilo la kila siku. Boksi limeandikwa kipimo cha 1/10, mnunuzi anaamini kwamba bodi yoyote ya 1/10 itaingia. Chasisi ya TRX-4 ya Traxxas, iliyouzwa kwanza ikiwa na bodi ya Defender 110, ina milimita 324 ekseli kwa ekseli. Defender ya kweli ikigawanywa kwa kumi inatoa 279. Gari hilo la mchezo limerefushwa makusudi ili lipande miamba vizuri, na kwa kipimo hicho peke yake liko karibu na 1/8.6. Chasisi ya SCX10 II ya Axial ina 313. Ndiyo maana watengenezaji wa bodi ngumu huandika umbali wa ekseli kwa milimita, na namba hiyo ina maana kuliko neno 1/10. Kwa TRX-4 kuna hata fito za kuunganisha ekseli za urefu tofauti, zinazoweza kuishusha hadi 300 au kuipandisha hadi 336. Mwenye bodi ya urefu mwingine anabadilisha fito, na chasisi yenyewe haikatwi.

Fundi wa gari kubwa hana anasa hiyo. Akitaka safu ya ziada ya viti, anakata chasisi. Tuchukue mfano wa kuongeza sentimita 50 kwenye pikapu ya milimita 3,180. Stelingi ikikunja kwa pembe ileile, duara la kugeuzia linakua kwa karibu asilimia 16. Tumbo la gari likiwa sentimita 30 kutoka ardhini, tuta ambalo gari linaweza kulivuka bila kukwama katikati linashuka, kwa hesabu ya haraka, kutoka pembe ya nyuzi 21 hadi 18 na nusu. Kwenye ukingo wa korongo tofauti hiyo inatosha kuliacha gari limekalia tumbo, magurudumu yanazunguka hewani.

Kuna pia propela, shafti inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma. Shafti ikirefuka, kasi ambayo inaanza kuyumba na kutetemeka inashuka kwa mraba wa urefu wake. Ikirefushwa kwa robo, kasi hiyo inabaki kama asilimia 64 ya ile ya awali. Jawabu linalojulikana ni kuigawa propela vipande viwili na kuweka senta beringi katikati. Asiyefanya hivyo hataona tatizo akizunguka Mkata kwa mwendo wa polepole. Ataliona barabara kuu, mtetemo ukianza chini ya miguu ya abiria.

Uzito unakaa wapi

Kipimo cha pili ndicho ninachokiona kinapuuzwa zaidi. Gari lisimame kwenye mteremko wa ubavu, ukiinua upande mmoja taratibu, litapinduka pale mstari wa uzito wake utakapotoka nje ya matairi ya upande wa chini. Pembe hiyo inategemea vitu viwili tu: nusu ya upana wa gurudumu kwa gurudumu, na kimo cha kitovu cha uzito.

Tufanye hesabu kwa namba nyepesi. Upana ni mita 1.5, kimo cha uzito ni sentimita 75. Nusu ya upana inalingana na kimo, kwa hiyo pembe ni nyuzi 45. Gari lina kilo 2,200. Sasa fundi anajenga paa, fremu zake na keria, jumla kilo 300, vikiwa mita 1.9 kutoka ardhini. Kitovu kinapanda hadi karibu sentimita 89, na pembe inashuka hadi nyuzi 40. Weka abiria sita wa kilo 70 kila mmoja, wameketi, uzito wao ukiwa mita 1.3: tumefika nyuzi 38. Simba anaonekana, paa linafunguliwa, wote sita wanasimama na uzito wao unapanda hadi mita 1.6: nyuzi 37. Springi na matairi yanapobonyea upande mmoja, pembe ya kweli ni ndogo zaidi ya hapo. Na hili ni gari lililosimama. Kwenye lami, likikwepa lori kwa ghafla, halihitaji mteremko wowote.

Nyuzi nane zilizopotea hazionekani kwa macho. Gari linang'aa, rangi ni ileile, mlango unafunga. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapa gari dogo linakuwa mwalimu mzuri kuliko mtu anavyotarajia. Kwa kuwa pembe ya kupinduka inatokana na uwiano wa upana na kimo, haibadiliki ukipunguza kila kitu mara kumi. Uzito nao unafuata: kitu kikigawanywa kwa kumi kila upande, uzito wake unagawanywa kwa elfu. Land Cruiser iliyojaa ina tani tatu na ushei. TRX-4 ina kilo tatu na ushei. Liweke gari la rimoti juu ya ubao, inua upande mmoja, soma pembe. Vua bodi ya polikaboneti, weka bodi ngumu yenye viti, dashibodi na keria, ambayo inaweza kufikia kilo nzima, inua ubao tena. Mwanafunzi hahitaji kuhubiriwa. Gari linaanguka mapema mbele ya macho yake.

Wapenzi wa magari hayo wana tiba yao: hufunga vipande vya shaba kwenye vitovu vya magurudumu na kwenye ekseli, ili uzito wa chini ushindane na wa juu. Gari kubwa halipaswi kuongezewa mzigo namna hiyo, lakini kanuni inahama bila shida. Tairi la akiba lishuke kutoka keria. Tangi la ziada na betri ya pili vikae kati ya reli za chasisi. Paa liwe la fibaglasi pale ambapo halibebi kitu, na nguvu yote iwekwe kwenye nguzo zinazolishika. Masanduku ya wageni yasipande juu. Kila kilo inayoshuka ni faida ambayo haihitaji teknolojia mpya.

Pale bodi inaposhikwa

Kipimo cha tatu kinaonekana vizuri gari likiwa limepita korongo kwa pembe, gurudumu la mbele kulia limeingia shimoni na la nyuma kushoto pia. Chasisi ya ngazi, yaani reli mbili ndefu zilizounganishwa na vipande vya kukingama, inajisokota. Imeundwa ijisokote. Bodi haiwezi kufuata msokoto huo bila kuumia, ndiyo maana kiwanda huiweka juu ya bushi za mpira.

Fundi anayechomelea bodi mpya moja kwa moja kwenye reli ameondoa hifadhi hiyo. Kila msokoto unaingia kwenye bodi, na bodi hupasuka pale ilipo dhaifu: pembe za milango na pembe za madirisha. Kipimo rahisi ni mlango. Ufungue na uufunge gari likiwa kwenye sakafu tambarare, kisha inua gurudumu moja kwa jeki hadi springi ya upande ule ilegee, ujaribu tena. Mlango ukianza kugoma au kuachia mwanya upande mmoja, bodi inabeba kazi ya chasisi. Miongozo ya watengenezaji wa chasisi za malori ina makatazo mawili ambayo kila fundi bodi anapaswa kuyajua kwa moyo: usitoboe kingo za juu na za chini za reli, kwa sababu ndizo zinazobeba mkazo mkubwa, na usimalizie kipande cha kuimarisha kwa mkato wa wima, maana ufa huanzia palepale uimara unapokoma ghafla. Ncha zake zichongwe zishuke taratibu.

Bodi ngumu ya gari la rimoti hushikwa kwa nguzo nne na pini, au kwa bawaba mbele na sumaku nyuma ili pini zisionekane. Kabla ya kutoboa tundu hata moja, mtu makini huiweka bodi juu ya chasisi, hubonyeza springi hadi mwisho, huinua gurudumu moja, hukunja stelingi kulia kabisa kisha kushoto kabisa, na kutia alama kila mahali tairi linapogusa tao. Hapo ana njia mbili: kukata tao, au kuinua bodi. Kuinua ni rahisi, na kila milimita anayoinua inarudi kwenye hesabu ya pembe tuliyoifanya. Kwenye gari kubwa majaribu ni hayohayo. Ni rahisi kuweka vipande vya kuinulia bodi kuliko kuchonga tao upya na kulirudishia uimara wake, na bei yake hailipwi karakana.

Mahali gari dogo linapodanganya

Mfano wa mezani una mpaka, na usipotajwa unaweza kuleta hatari. Gari la rimoti linaanguka kutoka kimo cha meza, linabiringika mara tatu, linasimama na kuendelea. Mtu anaweza kudhani umbo hilohilo likikuzwa litakuwa gumu vilevile. Haliwi. Ukikuza kitu mara kumi, uzito unapanda mara 1,000, lakini unene wa nguzo zinazoubeba, ukipimwa kwa eneo la mkato wake, unapanda mara 100 tu. Kila sentimita ya mraba ya nguzo inabeba mara kumi zaidi. Kwa hiyo mfano mdogo unafundisha urefu, pembe na nafasi ya magurudumu. Haufundishi chochote kuhusu kama paa litasimama gari likilala chali.

Somo hilo Afrika Mashariki tumelipata kwa gharama kubwa. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka Fort Ternan, Kericho, nchini Kenya. Paa likang'oka na watu zaidi ya 50 wakafa. Kenya ilikuwa tayari na kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372. Kuwa na kiwango kwenye karatasi ni hatua ya kwanza. Bodi kujengwa kwa kukifuata, na mtu mwenye mamlaka kulithibitisha hilo kabla gari halijabeba abiria, ni hatua ya pili, na ndiyo inayookoa.

Kujenga bodi juu ya chasisi ngeni ni kazi yetu ya miaka mingi. Zanzibar imebeba abiria kwa gari za mbao, bodi za maseremala juu ya chasisi za malori. Dar es Salaam ilikuwa na pikapu za chai maharage, abiria wametazamana kwenye mabenchi. Ufundi huo ulijibu shida ya kweli ya usafiri, na mafundi wake wanastahili heshima. Lakini Mikumi leo inauza huduma kwa watu wanaolipa ili warudi nyumbani salama, na barabara inayowapitisha ina malori yenye uzito mara kumi ya gari lao.

Cha kufanya

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji fedha nyingi.

Mmiliki wa gari asilipe karakana hadi apate taarifa nne kwa maandishi: umbali wa ekseli kabla na baada, uzito wa kila ekseli kwenye mizani kabla na baada, uzito wa bodi mpya na kimo chake, na mahali chasisi ilipokatwa na namna ilivyoungwa. Fundi mzuri anazo tayari, maana asingeweza kujenga bila kuzijua. Asiyekuwa nazo amekisia.

Kadi ya usajili ilingane na gari lilivyo sasa. Gari lililosajiliwa pikapu ya viti vitatu, likabeba watu wanane, linaipa kampuni ya bima hoja siku ya ajali, na linamnyima mkaguzi wa usalama barabarani nafasi ya kuuliza maswali kabla ya siku hiyo.

Dereva apewe kanuni ya paa: gari likiwa kwenye mteremko wa ubavu au likitembea kwa kasi, watu wameketi. Hesabu ya nyuzi 38 na 37 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba inajumlishwa na tope, shimo na kona.

Na mafunzo. Mji wa Mikumi una chuo cha VETA, ndani ya wilaya yenye stesheni ya SGR na mlangoni mwa hifadhi inayotegemea magari haya. Hakuna mahali panapofaa zaidi kufundisha ufundi wa bodi za magari ya utalii kama somo lenye hesabu zake. Chasisi moja ya rimoti, bodi mbili au tatu, ubao wa kuinamisha, mizani ya jikoni na kipimapembe vinatosha kwa darasa zima kujifunza kabla hawajagusa chuma. Kijana aliyeona gari la kilo tatu likianguka kwenye nyuzi 40 badala ya 45, akajua ni paa na keria vilivyofanya hivyo, atauliza swali sahihi siku atakapopewa la tani tatu.

Mtalii anayepanda gari Kilosa au kwenye lango la Mikumi hana namna ya kujua chasisi ilikatwa wapi wala paa lina kilo ngapi. Anaona viti safi na kioo kipana, anaamini. Kupima ni wajibu wa fundi, mmiliki na mkaguzi, na wote watatu wana vifaa vya kufanya hivyo leo.